DAMU, MAJI NA HAKI: KWA NINI UGONJWA MMOJA HUUA WENGI HUKU NA WACHACHE KULE

Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa vikundi vya Haki na Amani

Mada tuliyopewa inahusu kifo, na hasa namna kifo kinavyogawanywa kati ya mataifa wakati ugonjwa mmoja unapoenea duniani kote. Kila binadamu atakufa. Hilo halina mjadala. Lakini tunapohesabu waliokufa kwa ugonjwa uleule katika nchi mbalimbali, tunaona kwamba mahali pengine hufa mgonjwa mmoja kati ya mia, na mahali pengine hufa wagonjwa kumi kati ya mia. Tofauti hiyo inatoka wapi? Je, imo ndani ya miili yetu, au imo katika namna tunavyoishi na tunavyotawaliwa?

Wakati wa janga la UVIKO-19 swali hili liliulizwa katika kila kijiwe. Wapo waliosema kwamba damu ya Mwafrika haiupokei ugonjwa huo. Wengine walianza kuulizana makundi yao ya damu, kwa kuwa mwaka 2020 wataalamu waliochunguza wagonjwa mahututi wa Italia na Hispania walitangaza kwamba wenye kundi A walielekea kuzidiwa, na wenye kundi O walielekea kupata nafuu. Mwaka uliofuata, uchunguzi mwingine uliohusu watu zaidi ya 100,000 nchini Marekani haukuuona uhusiano huo. Mabishano hayo yakiendelea, mwaka 2021 ilitolewa taarifa ya hospitali 64 za nchi 10 za Afrika. Taarifa hiyo ilionyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa mahututi wa UVIKO-19 waliolazwa humo walifariki ndani ya siku 30, ilhali katika dunia kwa jumla waliofariki walikuwa chini ya theluthi moja. Watoa taarifa walitaja upungufu wa vitanda na vifaa vya kuwahudumia wagonjwa wa namna hiyo. Habari ya kundi la damu ilivuma sana. Habari ya vitanda haikuvuma.

Hatuna budi kulichunguza swali hili kwa utulivu, bila kudharau sayansi na bila kuifanya sayansi kuwa kisingizio. Kwa ajili hiyo tumechagua ugonjwa wa kipindupindu. Kwanza, uhusiano wake na kundi la damu umechunguzwa kwa miaka mingi na unajulikana vizuri. Pili, ni ugonjwa tunaoufahamu sisi wenyewe, maana umepita katika miji na vijiji vyetu na kutuachia makaburi.

1. DAMU INA SEHEMU YAKE

Makundi ya damu yalielezwa kwa mara ya kwanza na Karl Landsteiner huko Vienna mwaka 1901. Leo tunayataja kuwa A, B, AB na O. Mtu huzaliwa na kundi lake; halichagui wala halibadilishi.

Janga la kipindupindu linaloendelea hadi leo ni la saba tangu lile la kwanza lililoanzia Bengali mwaka 1817. Hili la saba lilianzia kisiwa cha Sulawesi, nchini Indonesia, mwaka 1961. Likafika Afrika Magharibi mwaka 1970, na katika miaka hiyohiyo ya 1970 likaingia Kenya na Tanzania. Mwaka 1991 lilivuka na kuingia Amerika ya Kusini kupitia Peru.

Wataalamu waliofanya kazi Ufilipino katika miaka ya 1970, na baadaye Bangladesh katika miaka ya 1980, waligundua jambo la kushangaza. Miongoni mwa wagonjwa waliozidiwa sana, wenye damu ya kundi O walikuwa wengi kupita kiasi kilichotarajiwa. Mwenye kundi O haambukizwi kwa urahisi kuliko wenzake. Lakini akishaambukizwa, huharisha zaidi na kupoteza maji mengi zaidi. Uchunguzi uliofanywa katika mji wa Trujillo nchini Peru mwaka 1991 ulithibitisha jambo hilo.

Kuna jambo jingine la kuzingatia. Katika nchi ya Bengali, ambako kipindupindu kimekaa kwa karne nyingi, wenye kundi O ni karibu theluthi moja tu ya watu. Baadhi ya wataalamu wanafikiri kwamba ugonjwa wenyewe umewapunguza kizazi baada ya kizazi. Katika Afrika Mashariki, wenye kundi O ni karibu nusu ya watu wote. Miongoni mwa wenyeji asilia wa Amerika ya Kusini, karibu wote ni wa kundi O.

Je, basi, kundi O ni damu mbaya? Hapana. Uchunguzi uliofanywa nchini Mali na kutolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba watoto wa kundi O hupatwa na malaria kali mara chache zaidi kuliko watoto wa makundi mengine. Damu ileile inayomlemea mtu mbele ya kipindupindu humsaidia mbele ya malaria. Tuliliona fundisho la namna hiyo zamani, pale daktari Anthony Allison, aliyefanya utafiti Kenya na Uganda, alipoonyesha mwaka 1954 kwamba mtu aliyerithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hukingwa dhidi ya malaria kali, ingawa mtoto aliyeirithi kwa wazazi wote wawili hupata ugonjwa mzito wa damu. Kwa hiyo hakuna damu iliyo bora wala damu iliyo duni. Kila damu imebeba kumbukumbu ya magonjwa ambayo mababu wa watu hao walipambana nayo.

Hivyo tunakubali kwamba damu ina sehemu yake katika hesabu ya vifo. Sasa tupime ukubwa wa sehemu hiyo.

2. MIZANI YA MWAKA 1991

Mwaka 1991 dunia iliwekwa juu ya mizani bila mtu kupanga. Kipindupindu kilikuwa kimeingia Amerika ya Kusini, kati ya watu ambao wengi wao wana damu ya kundi O na ambao hawakuwa na kinga yoyote, kwa kuwa ugonjwa huo haukuwa umeonekana huko kwa karibu karne nzima. Wakati huohuo, kilikuwa kikiwaka katika nchi nyingi za Afrika, ambako watu wa kundi O ni wachache zaidi na ambako ugonjwa ulikuwa umezoeleka kwa miaka ishirini. Kama damu ndiyo ingekuwa mwamuzi, wangekufa wengi kule na wachache huku.

Tazameni yaliyotokea. Nchini Peru waliugua watu wapatao 322,000 katika mwaka huo mmoja, na walikufa takriban 2,900. Katika bara zima la Amerika waliugua zaidi ya 390,000, na walikufa takriban 4,000, yaani mmoja kati ya mia. Barani Afrika ziliandikwa habari za wagonjwa wapatao 153,000, na waliokufa walikaribia 14,000. Hao ni tisa kati ya mia. Mgonjwa wa Afrika, ambaye damu yake kwa wastani ilikuwa na nafuu, alikuwa na hatari ya kufa mara tisa kuliko mgonjwa wa Amerika.

Tusidhani kwamba Peru ilikuwa nchi tajiri au yenye maji safi. Ugonjwa ulienea kama moto kwa sababu maji ya miji mingi hayakutiwa klorini ipasavyo na maji machafu yalimwagwa bila kusafishwa. Idadi hiyo kubwa ya wagonjwa ni ushahidi wa dhuluma waliyokuwa wakiishi ndani yake maskini wa mitaa ya pembezoni. Lakini palikuwa na jambo moja lililowaokoa. Katika miaka iliyotangulia, vituo vya afya vilikuwa vimezoea kuwatibu watoto wanaoharisha kwa mchanganyiko wa maji, chumvi na sukari ambao sisi tunaujua kwa jina la ORS. Pakiti zilikuwapo, wauguzi walijua kuzitumia, na akina mama walijua kuziomba.

Inafaa tueleze jambo hili, kwa maana ndilo kiini cha mada yetu. Kimelea cha kipindupindu hutoa sumu ndani ya utumbo mwembamba, na utumbo huo humwaga maji ya mwili nje. Mgonjwa mahututi aweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Anakufa kwa kukauka, mara nyingi katika siku ileile aliyoanza kuugua. Asipotibiwa, kati ya wagonjwa mahututi wawili mmoja hufa. Lakini sumu hiyo haiuharibu uwezo wa utumbo wa kupokea chumvi ikiwa imechanganywa na sukari, na chumvi hiyo huvuta maji kuyarudisha mwilini. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, nchini India, akaishiwa na dripu. Akaamua kuchanganya chumvi na sukari katika mapipa na kuwapa ndugu za wagonjwa wawanyweshe. Vifo katika kambi hiyo vilishuka kutoka takriban thelathini kati ya mia hadi chini ya wanne kati ya mia. Dawa hiyo inagharimu fedha kidogo kuliko soda.

Hata ndani ya Peru yenyewe mizani haikusimama sawa. Katika miji ya pwani, vifo vilikuwa vichache. Katika vijiji vya milimani na vya misitu ya Amazon, ambako zahanati iko mwendo wa saa nyingi kwa miguu au kwa mtumbwi, vifo kwa kila wagonjwa mia vilikuwa vingi zaidi. Damu ni ileile. Kilichobadilika ni umbali wa njia.

3. MAJI YA MTAA MMOJA

Mfano mwingine ni wa zamani zaidi, nao unatoka Ulaya, ili tusidhani kwamba kipindupindu ni ugonjwa wa bara letu. Mwaka 1892 ugonjwa huo uliingia Hamburg, mji tajiri wa bandari nchini Ujerumani. Walikufa zaidi ya watu 8,000 katika muda wa majuma machache. Mji wa Altona ulikuwa umepakana na Hamburg, nyumba kwa nyumba, na wote wawili walichota maji kutoka mto Elbe. Altona tena ilichota upande wa chini, baada ya mto kupokea uchafu wa Hamburg. Lakini Altona ilikuwa ikichuja maji yake kwa mchanga, na Hamburg haikufanya hivyo, kwa kuwa wakuu wa mji walikuwa wamevutana miaka mingi juu ya gharama. Robert Koch, mtaalamu aliyetumwa na serikali, aliona kwamba katika mitaa ya mpakani ugonjwa ulipiga nyumba zilizopata maji ya Hamburg na kuziacha zilizopata maji ya Altona. Watu wa mtaa mmoja, wa lugha moja na damu moja, waligawanywa na bomba. Na katika Hamburg yenyewe, wenye mapato madogo ndio waliougua na kufa kwa wingi kuliko matajiri.

4. GOMA, MWAKA 1994

Tunakuja sasa karibu na nyumbani, katika jambo ambalo wengi wetu bado tunalikumbuka kwa uchungu. Mwezi wa Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda, kati ya laki tano na laki nane, walivuka mpaka na kuingia Goma katika muda wa siku chache. Ardhi ya huko ni mawe ya volkano. Vyoo havikuweza kuchimbwa, wala makaburi. Watu walikunywa maji ya Ziwa Kivu. Kipindupindu kililipuka, kikafuatwa na ugonjwa wa kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000.

Timu ya waganga kutoka Bangladesh ilifika kusaidia, nayo ilichunguza kwa nini vituo vya tiba havikuwaokoa wagonjwa wengi zaidi. Taarifa yao, iliyotolewa mwaka 1995, ilisema kwamba wagonjwa walirudishiwa maji polepole mno, kwamba ORS ilitumika kidogo kuliko ilivyopasa, na kwamba wahudumu wengi, wenye moyo mwema, hawakuwa na uzoefu wa ugonjwa huo. Katika kituo kimoja walichokishika wao, vifo vilishuka hadi chini ya mmoja kati ya mia. Wagonjwa walikuwa wa watu walewale na ugonjwa ulikuwa uleule. Kilichobadilika katika muda huo mfupi ni mikono iliyowahudumia.

Hatusemi haya kwa kuwadharau waliojitolea Goma. Tunasema kwa sababu tofauti kati ya kifo na uzima ilipatikana, ikapimwa, na ikaonekana kuwa ndani ya uwezo wa wanadamu.

5. HATARI YA KUILAUMU DAMU

Labda mtu atauliza: kuna ubaya gani watu wakizungumza juu ya damu? Ubaya upo, nao una historia.

Mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, daktari Ludwik Hirszfeld na mkewe Hanka, wote wa kutoka Poland, walipima damu ya maelfu ya askari wa mataifa mbalimbali waliokusanyika Thessaloniki. Walikuwa wa kwanza kuonyesha kwamba uwiano wa makundi ya damu hutofautiana kati ya taifa na taifa, na walitoa matokeo yao mwaka 1919. Ilikuwa kazi safi ya kisayansi. Lakini baada yao walitokea watu waliotaka kutumia damu kuyapanga mataifa, hili juu na lile chini.

Mwaka 1941 Hirszfeld huyohuyo, kwa kuwa alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi, alifungiwa na Wanazi ndani ya geto la Warsaw. Humo mlizuka homa ya tifasi inayoenezwa na chawa. Watawala walitangaza kwamba Wayahudi kwa asili yao ndio waenezaji wa ugonjwa huo, na walilitumia neno hilo kuhalalisha ukuta. Ukweli ni kwamba ugonjwa uliletwa na njaa, msongamano na ukosefu wa sabuni, mambo ambayo watawala hao ndio waliyoyasababisha. Hirszfeld alipambana na tifasi ndani ya ukuta huo. Mtu aliyewafundisha walimwengu tofauti za damu aliona kwa macho yake jinsi damu inavyosingiziwa.

Kwetu hatari hiyo huja kwa sauti ya chini zaidi. Tunaposema kwamba watu fulani hufa kwa sababu ya damu yao, au uchafu wao wa asili, au mila zao, tunakuwa tumemaliza hesabu bila kumwuliza aliyepaswa kuchimba kisima. Na tunaposema kwamba damu yetu inatukinga, tunaacha kunawa mikono, na kiongozi anapata sababu ya kutonunua dawa. Kumlaumu marehemu na kumsifu mzima kwa jambo ambalo hakuna aliyelichagua ni njia mbili za kuikwepa haki.

6. NI NANI ANAYEWAJIBIKA?

Tukishakubali kwamba sehemu kubwa ya vifo hivi hutokana na mambo yanayoweza kubadilishwa, swali la uwajibikaji halikwepeki.

Mwaka 2008 na 2009 kipindupindu kilienea Zimbabwe, wakati mabomba ya miji yalikuwa yamekauka na hospitali zimepoteza watumishi. Waliugua zaidi ya watu 98,000 na walikufa zaidi ya 4,000. Mwaka 2010 ugonjwa uliingia Haiti, nchi ambayo haikuwa nao kwa karne nzima au zaidi. Uliletwa na askari wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa, ambao uchafu wa kambi yao uliingia katika kijito kinachotiririkia mto Artibonite. Waliugua zaidi ya watu 800,000, na karibu 10,000 walikufa. Ilichukua miaka sita hadi Katibu Mkuu Ban Ki-moon alipoomba radhi mbele ya Baraza Kuu, mwezi wa Desemba 2016. Nchini Malawi, katika mlipuko ulioanza mwaka 2022, walikufa zaidi ya watu 1,700. Katika mwaka huohuo wa 2022 chanjo ya kipindupindu ilipungua duniani kiasi kwamba iliamuliwa watu wapewe dozi moja badala ya mbili.

Upo pia wajibu wa kusema kweli. Takwimu tulizozitaja ni za wale walioandikwa. Anayefia nyumbani, mbali na zahanati, mara nyingi haandikwi popote. Serikali nazo zimekuwa na sababu za kunyamaza. Mwanzoni mwa mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji kwa sababu ya kipindupindu. Wavuvi na wachuuzi wa Ziwa Victoria walipoteza riziki. Nchi inayotangaza ugonjwa wake kwa uaminifu ikiadhibiwa sokoni, jirani yake atajifunza kuficha. Hivyo haki katika biashara nayo imo katika hesabu ya vifo.

Tusisahau pia yaliyo ya matumaini. Mwaka 1997 Tanzania iliandika wagonjwa wa kipindupindu zaidi ya 40,000 na vifo zaidi ya 2,200, yaani zaidi ya watano kati ya mia. Katika mlipuko ulioanza Agosti 2015 waliugua tena zaidi ya 20,000, lakini waliokufa walikuwa chini ya wawili kati ya mia. Damu ya Watanzania haikubadilika katika miaka hiyo kumi na minane. Hata hivyo, ugonjwa wenyewe ulirudi, na hiyo ina maana kwamba tumejifunza kuokoa mgonjwa kabla hatujajifunza kumpa kila mtu maji salama. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; nasi tunaujenga ukuta huo kila msimu wa mvua.

7. TUFANYE NINI?

Wapendwa ndugu, tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua kwamba maji salama na usafi wa mazingira ni haki ya binadamu. Haki isiyodaiwa hulala. Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wa kikundi chochote.

Kwanza, kila nyumba ijue kuokoa mgonjwa. Pakiti ya ORS ndiyo bora. Ikikosekana, chukueni lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tieni vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa, na mgonjwa anywe kidogokidogo bila kukoma. Anayeharisha maji kama ya kuoshea mchele apelekwe kituo cha afya mara moja huku akiendelea kunyweshwa njiani. Asiachwe nyumbani kusubiri asubuhi.

Pili, tuhesabu wenyewe. Kikundi kiandike ni kaya ngapi zinachota maji yasiyo salama, ni ngapi hazina choo, na ni mwendo wa saa ngapi kufika zahanati. Orodha hiyo ipelekwe kwa serikali ya kijiji na kwa diwani, na isomwe katika mkutano wa hadhara.

Tatu, tuulize kabla ya mvua. Je, zahanati ina ORS na dripu za kutosha? Nani ana ufunguo wa stoo siku ya Jumapili? Maswali haya yakiulizwa mwezi wa ugonjwa yanakuwa lawama. Yakiulizwa mapema yanakuwa msaada.

Nne, tuzikatae lugha za kulaumu. Jirani akiugua, tusiulize kabila lake, kundi lake la damu wala usafi wa mkewe. Tuulize amekunywa maji gani, kisha tuulize kwa nini hakuwa na mengine.

Kwa kumalizia, tunarudia kwa ufupi. Damu ina sehemu yake katika kifo, na wataalamu wanafanya vema kuichunguza. Lakini kila tulipoweza kulinganisha, yaani Peru na Afrika, Altona na Hamburg, Goma ya juma la kwanza na Goma ya majuma yaliyofuata, tuliona kwamba sehemu ya damu ilizidiwa mbali na sehemu ya maji, dawa, njia na uongozi. Hatuwezi kumpa mtu damu nyingine ya kuzaliwa nayo. Maji salama tunaweza kumpa, na pakiti ya ORS tunaweza kumfikishia kabla jua halijatua. Asipopewa, tusiandike katika cheti chake kwamba aliuawa na kipindupindu peke yake.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika eneo letu, ni watu gani waliokufa kwa wingi katika mlipuko wa mwisho tunaoukumbuka? Waliishi wapi, na walichota maji wapi?

2. Ni maneno gani yalisemwa juu ya wagonjwa na familia zao? Nani alifaidika na maneno hayo?

3. Kutoka nyumba iliyo mbali kabisa hadi kituo cha afya ni mwendo wa saa ngapi usiku wa mvua? Tufanye nini ili upungue?

4. Ni kiongozi gani tutakayemwendea kwanza, na tutampelekea ushahidi gani?